Upepo wa Alasiri

Hapa Homa Bay hata mtoto anajua kwamba alasiri upepo hutoka ziwani. Afisa wa polisi aliyeletwa juzi kutuliza ghasia hakujua. Ghasia zenyewe zilikuwa vijana walioketi barabarani, ziwa likiwa nyuma yao, wakiimba kwamba kura zihesabiwe mbele ya watu. Akawarushia kitoa machozi. Moshi ukamrudia mwenyewe.

Alikuja akipapasa hadi kwenye meza nilipokuwa nikinunua samaki. Mama muuzaji, ambaye bintiye alikuwa ameshatupwa ndani ya lori la polisi, aliweka kisu chini, akamshika kidevu na kummiminia maji usoni.

"Usisugue, nyathina, mwanangu," alimwambia, kama anayemwogesha mwanawe.

"Asante, mama."

"Asante weka. Siku ya kura ni wewe utasimama mlangoni pa kituo. Haya macho nimeosha, usifunge."

Wakubwa wanasema maandamano yalichochewa na watu wa nje. Mimi mtu wa nje niliyemwona ni yule asiyejua upepo wetu. Alirudi kazini akiona vizuri. Binti wa yule mama bado yuko seli.