Ngolo wa Profesa

Mwaka ule wa kwanza chuoni nilikuwa na wazimu, sitaki kuupamba. Chuo chetu kidogo hapa Kisangani huwaonjesha wanafunzi wapya utangulizi wa kila somo kwa miezi michache, ndipo uchague moja. Utangulizi wa sheria, wa uchumi, wa saikolojia, hata wa kompyuta, ingawa kompyuta yenyewe tulichorewa ubaoni kwa chaki tukawa tunabonyeza hewa. Kila somo lilinipanda kichwani. Jumatatu nilimweleza mama kwamba sombe yake ya majani ya muhogo ina tatizo la ugavi na mahitaji. Alhamisi nilimkuta tonton, mdogo wake Papa, amelala mchana, nikamtangazia kwamba anakimbia utoto wake. Alinirushia ndala.

Ila nyumbani hakuna aliyeniuliza nitachagua nini. Papa alikwisha kuchagua: sheria. Alikuwa mvuvi huko Isangi, akaacha mtumbwi, akatuleta mjini, akaapa mbele ya kanisa zima kwamba hakuna mtoto wake atakayeishi kwa samaki. Majirani walishaanza kuniita maître, kama wakili kamili, nami naitikia, jamani, kwa maringo yote!

Basi, asubuhi moja ukumbi wa sheria ulijaa mpaka madirishani. Kwetu unakuja na kiti chako cha plastiki kichwani kutoka nyumbani. Ukichelewa, unabaki nacho nje kama muuza ndizi. Nikaona mlango wa pili, ndani kuna nafasi. Nikaingia, nikakaa nyuma kabisa. Profesa alikuwa mbali, sauti ndogo, hana kipaza sauti. Nilidaka maneno tu: maana ya somo, historia yake, Wagiriki, mbinu. Bon, ndiyo sheria hiyo! Utangulizi wote huanza na Wagiriki. Niliandika kwa bidii, na wiki iliyofuata nikarudi palepale.

Safari hii profesa aliinua ndoo, akatoa ngolo, yule kambale mwenye masharubu, mzima, anapigapiga mkia. Nikamnong'oneza msichana wa pembeni: huyu naye ameshitakiwa kwa kosa gani? Alicheka mpaka kiti chake kikaanguka.

"Dada, hapa iko biologie!"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nilishika kiti changu nikimbie. Lakini profesa alikuwa amekwisha kumuua samaki na kumfungua kichwa, anatuita sote tusogee. Nyuma ya mashavu niliona vitu viwili vyekundu vyenye matawi, kama miti midogo. Kwa hivi, alisema, ngolo anavuta hewa kama sisi. Ndiyo maana hafi upesi nje ya maji. Mungu wangu! Ngolo niliyemla tangu nilipoota meno! Nilirudi nyumbani nimekaa nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria, nikicheka peke yangu, hata mwenye baiskeli akauliza kama nimekunywa.

Siku moja kabla ya kujiandikisha nilinunua ngolo sokoni, nikamweka mezani mbele ya Papa.

"Papa, sitaki sheria. Nataka hii."

"Hii nini? Samaki?" Sauti yake ilipanda. "Mutoto yangu, miye nilikimbia samaki juu ya weye, na weye unaniletea yeye ku meza?"

"Nipe dakika moja tu, Papa. Kisha unifukuze."

Nikafungua kichwa. Mdomo nao ukafunguka. Nilieleza damu, nikaeleza hewa, nikaeleza matawi, bila hata kumeza mate. Papa aliinama. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akagusa ule mti kwa ncha ya kidole.

"Hii," alisema taratibu, "tulikuwa tunatupa pamoja na matumbo."

Nilimsogezea samaki karibu zaidi.

"Hawa ngolo walikuwa wanalala ndani ya mutumbwi yangu, asubuhi wangali wazima. Miye nilisema iko uchawi." Akatikisa kichwa. "Bon. Kesho tunaenda wote, wakuandike kwa samaki yako."

Nilipiga kigelegele mpaka mama akaja mbio kutoka jikoni. Papa hata hakugeuka. Alikuwa amempindua ngolo kwa mikono yake miwili.

"Fungua na huku," alisema.