Balo ya Jumatano

Émérance alitoka Kabambare kwa pikipiki, sanduku limefungwa nyuma kwa mpira, akapanga chumba kwetu hapa Kasongo. Anasomea ualimu. Sisi tunamwita yaya, kama dada mkubwa. Ni mtu wa taratibu. Anafagia kiwanja bila kuombwa, na akicheka anaziba mdomo kwa mkono.

Ila Jumatano hashikiki. Siku hiyo Iliasi anafungua balo sokoni, yaani furushi kubwa la mitumba lililokazwa kwa mikanda. Hakuna anayejua ndani kuna nini mpaka mikanda ikatwe. Wanawake wanazunguka, mikono tayari, na yaya yuko mbele kabisa hata kama ana masomo. Anarudi na gauni, na koti, na soksi za watoto asionao. Anazikunja vizuri, anazitia sandukuni, basi. Hazivai. Angezivaa wapi? Masomoni kwao sare ni nyeupe na bluu kila siku, na Jumapili anaenda kanisani na kikwembe, kitenge chake. Sanduku lilipojaa, akaanza kusukuma mifuko chini ya kitanda.

Mama alimuuliza, "Yaya, hii koti ya baridi utaivalia Kasongo gani?"

"Ilikuwa muzuri, mama. Ningeiacha, mwingine angeibeba."

"Si angeibeba tu. Balo haiko ndugu yako."

Wakacheka wote wawili, koti likarudi chini ya kitanda.

Mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho. Alibakiza jambo moja: kufundisha somo katika shule ya msingi, profesa wake amekaa nyuma akimtazama. Asipofika, anarudia mwaka, na baba yake alishasema hakuna kurudia, atabaki Kabambare kulima. Siku ikapangwa, ikaangukia Jumatano. Somo lilikuwa majina ya nguo kwa Kifaransa. Huku mwalimu wa majaribio lazima alete kitu chenyewe, watoto wakione. Kuchora ubaoni hakutoshi.

Jumanne jioni akasema, "Kesho nitapita kwanza kwa Iliasi, nitafute vitu vya somo."

Mama alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Na chini ya kitanda yako kunalala nini? Mihogo?"

Yaya akaingia ndani. Baadaye kidogo tukamsikia chumbani akivuta mifuko.

Asubuhi alinibebesha mfuko mmoja nimsindikize. Njia ya shule inapita sokoni, na Iliasi alimwona tangu mbali.

"Mwalimu wangu, nilikungojea. Nikate?"

"Kata. Mimi naangalia tu."

Mikanda ikaruka, nguo zikavimba. Mkono wa yaya ulikuwa ndani tayari, mpaka kwenye kiwiko, macho ameyafumba. Mimi nikasimama na mfuko wangu. Halafu nikaendelea kutembea.

Nilikuwa nimefika karibu na shule walipogonga ile rimu ya gari kuwaita watoto. Nikageuka. Yaya alikuwa anakuja mbio, ameshika viatu vyake tu.

"Chadia, mbona hukuniita?"

"Ulikuwa umeshika kitu, yaya."

Akahema. "Koti," akasema. "Sawasawa na ile ya kwangu. Sawasawa kabisa." Akavaa viatu, akachukua mfuko, akaingia.

Nilisikiliza dirishani. Alipoinua lile koti la baridi watoto walicheka sana. Kitoto kimoja kikaomba kulivaa, mikono ya koti ikaburuta chini, na darasa zima likasema "manteau" mpaka profesa naye akatabasamu. Mwishoni alimpa yaya mkono wa pongezi.

Jumatano iliyofuata yaya alikuwa nyumbani. Alikaa karibu na mama, ungo magotini, akitoa mawe kwenye mchele. Kelele zikapanda kutoka sokoni.

"Iliasi amefungua," mama akasema.

"Nasikia, mama."

Vidole vyake vilisimama kidogo. Halafu vikarudi kwenye mchele, akaurudia ule ule aliokwisha kuuchambua.