Barua ya Chifu kwa Maprofesa

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Nilikuwa naomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu ya takwimu za afya, na masharti yalidai barua tatu za mapendekezo. Mimi, msomi mzima wa Emali, sikuyasoma masharti hayo zaidi ya hapo. Nilikimbilia kwa chifu, pasta na mzee wa kijiji, huku nikiwadharau wenzangu waliohangaika kuwasaka wahadhiri wao wa zamani.

Siku ya mahojiano, profesa alizisoma barua zangu kwa sauti, kisha akavua miwani.

"Bwana Mutua, chifu anathibitisha hujawahi kuiba mbuzi. Pasta anasema umeokoka. Mzee anasema unasalimia watu vizuri. Mihuri mitatu, na hakuna hata mmoja anayejua kama uliwahi kwenda shule."