Tango Lenye Miguu Minne

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilifanywa mpelelezi, na aliyenipa kazi hiyo alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Alinipa jikoni kwetu Barking, mama akiwa kazini hospitali, huku akinichana nywele kwa nguvu ambazo sijazisahau.

"Ukifika huko fungua macho," aliniambia. "Wewe mtoto, hawatakushuku. Tazama chini ya vitanda, tazama juu ya milango, tazama anatia nini katika chakula cha mjomba wako. Ukiona kitu hukifahamu, njoo uniambie mie. Si mama yako. Mie."

Nikamjibu "Okay, Bibi," kama tulivyozoea sisi watoto wa London kuwajibu wazee wetu.

Huko tulikokuwa tunakwenda kulikuwa Japani. Mjomba Salim, mtoto pekee wa kiume wa Bibi, alikuwa baharia. Kwa miaka mingi meli zilimchukua na kumrudisha, mpaka akamwoa mwanamke wa Kijapani aitwaye Haruko, akakaa katika mji mdogo wa bandari ya wavuvi, akawa fundi wa injini za mashua. Tangu hapo kila mwaka aliandika kwamba atakuja London, na kila mwaka hakuja. Kwa Bibi jambo hilo lilikuwa na sababu moja tu. Mwanamume mzima hamsahau mama yake hivi hivi. Kafungwa. Kalishwa limbwata. Basi Mjomba alipotutumia tiketi mbili za ndege wakati wa likizo ya shule, wote walifikiri Bibi anakwenda kumtembelea mwanawe. Mimi peke yangu nilijua kwamba anakwenda kumfungua, na kwamba amekusudia kurudi naye.

Sitaki mumwone Bibi kama mtu aliyezaliwa na shaka. Siku chache baada ya Mapinduzi, watu walikuja asubuhi nyumbani kwake Unguja, wakamwambia mumewe atoke nao mara moja tu, kisha watamrudisha. Chai ilikuwa bado motoni. Hakurudi, na hakuna aliyewahi kuja kumwambia Bibi neno, si zuri wala baya. Kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba mumewe amekufa, hakukubali mtu yeyote amwite marehemu. Eda hakukaa. Nyumbani kwetu Babu alitajwa kama mtu aliyechelewa.

Haruko alitupokea kwa kuinama, akainama tena, akainama mara ya tatu. "Anainamia nini?" Bibi aliuliza. "Kaangusha nini chini?" Mjomba alisema mkewe amesilimu. Bibi akasema kasilimu ulimi. Haruko alikuwa na maneno kama thelathini ya Kiswahili, yote ya Kiunguja kwa sababu mwalimu wake alikuwa mumewe, na aliyatumia yote kutuuliza kama tumeshiba. Upole ule ulimtia Bibi wasiwasi zaidi. Mtu mwema kiasi hicho, alininong'oneza, ana lake jambo.

Nami nilichapa kazi. Siku ya kwanza niliona vijilima viwili vya chumvi, kila kimoja ndani ya kisahani, pembeni mwa mlango wa mbele. Bibi akatikisa kichwa kama daktari aliyeona alichokitarajia. Siku ya tatu niliingia chumba cha nyuma ambacho kila mara kilikuwa kimefungwa, na juu ya rafu nikaona tango. Lilikuwa na miguu minne ya vijiti, limesimama kama mnyama. Kando yake palikuwa na bilingani lenye miguu vilevile, na katikati karatasi iliyosimamishwa, imeandikwa maandishi yao kutoka juu kwenda chini. Nilikimbia kumwita Bibi.

Bibi alipoviona alikaa chini. Kwao, mtu akitaka kumfunga mwenziwe huchoma ndimu kwa sindano na kuandika jina lake. Sasa hapa hakukuwa na sindano, kulikuwa na vijiti vizima, na mboga mbili badala ya ndimu moja. Moja ya kumfunga miguu, alisema, na moja ya kumfunga akili. Karatasi hakuigusa. Tango na bilingani alivifunga ndani ya kanga na kuvitia mkobani. Uchawi haufukiwi wala hauchomwi, aliniambia, unatupwa baharini, maji yakauchukua.

Mchana ule ule Mjomba alitupeleka ufukweni. Ulikuwa ufuko wa familia, upande wa pili wa ukuta wa bandari. Upande mmoja mashua zilifungwa ubavu kwa ubavu, zimetundikwa taa kubwa za kuvulia ngisi, na harufu ya samaki waliokaushwa ilinijaa puani. Upande wa pili ukuta ulizuia mawimbi yote, maji yakatulia kama maji ya karai. Watu walikuwa wengi, chini ya miavuli, wanakula tikiti. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa majini.

"Bahari shwari hivi na hapana mtu," Bibi alisema. "Pana kitu."

Nilimwomba Mjomba nikaogelee. Haruko akanishika mkono na kutikisa kichwa. "Siku hizi hawaogi, mwanangu," Mjomba alinieleza. "Wazee wa hapa wanasema wafu wako njiani wanarudi makwao kutembelea. Ukiingia majini watakushika mguu."

"Chunusi," Bibi alisema, na hakusema kwa hofu bali kwa ushindi. Utoto wangu wote alikuwa akinionya kuhusu chunusi, yule jini wa maji matulivu anayevuta watu chini, hata tulipokwenda kwenye bwawa la manispaa la kuogelea. Sasa mji mzima ulikuwa unamuunga mkono, na bado hakuupenda. Watu wanajua kuna kitu majini, aliniambia sikioni, na wanakula tikiti.

Mjomba na Haruko walipokwenda kununua barafu, Bibi alininyanyua. Tulifika mwisho wa ufuko, karibu na mawe. Alisoma Ayatul Kursiyu, akanipulizia kichwani, akafungua kanga. Nikarusha tango, kisha bilingani, kwa nguvu zangu zote.

Vikaelea. Vikageuka polepole, vikarudi mpaka miguuni mwetu.

Nikarusha tena, vikarudi tena. Mtu mzima angesema maji yanajaa. Bibi alirudi nyuma hatua mbili, rangi imemtoka. "Havitaki kwenda," alisema. "Ingia kidogo, mjukuu wangu, visukume. Magotini tu." Mwanamke aliyenikataza bwawa la manispaa alinituma kwenye maji ambayo wenyeji waliyaogopa. Nadhani hapo ndipo nilipojua jinsi alivyomtaka mwanawe.

Niliingia magotini, kisha kiunoni. Bilingani nililisukuma likaenda. Nilikuwa nimeshika tango, nataka kulisukuma, pale kitu kilipoukamata mguu wangu. Kilichoma kama pasi. Nikapiga ukelele, nikaanguka, nikanywa maji, na kupitia maji nikamsikia Bibi akipiga mayowe kwamba kanishika, kanishika.

Aliyekuja si Bibi. Alikuwa Haruko, na nguo zake zote, anakimbia ndani ya maji ambayo yeye mwenyewe alinikataza. Alinibeba hadi mchangani. Juu ya kifundo cha mguu palikuwa na mistari myekundu. Kilikuwa konyeza, yule mdudu laini wa baharini anayechoma, na mwezi ule maji hujaa konyeza. Haruko alinimwagia maji ya bahari, akaondoa utando ulioninata mguuni kwa ukingo wa upepeo wake. Ndipo alipoona nilichoshika. Sikuwa nimeliachia tango.

Alilichukua. Miguu miwili ilikuwa imekatika. Nilingoja apige kelele, na naona Bibi pia alingoja, kwani alikuwa amekwisha kujiweka sawa kwa ugomvi. Haruko alilifuta tango kwa nguo yake iliyolowa, akamwangalia Bibi, akatafuta maneno miongoni mwa yale thelathini.

"Farasi," alisema. "Farasi ya Babu."

Mjomba alikuwa amefika, anahema. Aliangalia tango, akaangalia kanga, akafahamu yote.

"Mama," alisema, "hapa kila mwaka watu huwatengenezea wafu wao tango liwe farasi, waje upesi. Na bilingani ng'ombe, warudi taratibu. Ile karatasi ni jina la Baba. Mie nilimwambia sisi hatuna mambo haya. Akaniambia, mtu asiye na kaburi atajuaje pa kwenda?"

"Yeye anajuaje kama kafa?" Bibi aliuliza.

Mjomba alipiga magoti mchangani mbele yake. "Ndiyo maana siji London, Mama. Kila nilipokuja uliniuliza, katika bandari zote ulizopita, hujasikia habari zake? Miaka ishirini na kitu nakwambia bado, kana kwamba ipo siku nitazisikia. Nilichoka kukudanganya."

Bibi hakulia. Aliangalia majini, bilingani lilipokuwa sasa linakwenda peke yake, mbali na mawe. Mjomba akainuka alifuate. "Liache," Bibi alisema. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, akasema, "Mungu amrehemu." Halafu akamgeukia mwanawe kwa ukali: "Wala si kwa sababu ya tango. Haya ya matango ni ushirikina." Lakini alimshika Haruko mkono kwa kuinukia, na hakuuachia mpaka tulipofika nyumbani.

Tulirudi London wawili, kama tulivyokwenda. Wiki ile ile Bibi alivaa nguo nyeupe, akakaa eda. Shehe alipigiwa simu, akasema eda ya mwanamke huyu ilishapita zamani, haina haja. Bibi akamjibu kwamba yeye hakuwa na haja ya ruhusa. Nilipokuwa msichana nilimwonea haya kwa hilo. Sasa nina umri wa mama yangu wa siku zile, nami nadhani naielewa shaka ile. Kama kila mtu anaficha kitu, basi huenda na mumewe kafichwa mahali, yu hai. Kuwaamini watu kulikuwa ni kumzika.

Watu wetu walikuja kumpa mkono, kutoka Wembley, kutoka Croydon, wengine ambao alikuwa hajawafungulia mlango kwa miaka. Aliwapokea wote. Mwanamke mmoja, mgeni kwetu, aliuliza marehemu alifariki lini.

"Mwezi uliopita," Bibi alijibu. "Nilikuwapo."

Nilikuwa nimekaa mkekani ubavuni pake, mguu wangu bado unawasha, na sikumsahihisha. Watoto wangu wakiniuliza leo babu yangu alikufa lini, ninawapa jibu hilo hilo.