Mwendo wa Baba, Picha kwa Picha

Mama husema mimi huketi kama mtu aliyekalia siafu. Ni kweli. Mahubiri yakirefuka kidogo, utanikuta nje natafuta maji ya kunywa ilhali sina kiu. Nikisonga ugali siwezi kuuacha uive. Naufunika, naufunua, naufunika tena, hadi mama ananinyang'anya mwiko. Kwa hivyo alicheka mpaka akashika mbavu siku nilipomweleza kazi niliyoamua kuifanya. Nitamtengeneza mtu wa udongo, nimpige picha, nimsogeze kiasi cha upana wa ukucha, nimpige picha tena, hadi zitimie kumi na mbili. Na hizo zote zikichezwa, zitakuwa sekunde moja.

"Wewe?" aliuliza. "Wewe mwenye hata chai hungojangi ipoe?"

Nailaumu mvua. Ilinikuta Kakamega mjini mchana wa Jumamosi, ile mvua yetu ya saa nane isiyompa mtu nafasi ya kufungua mwavuli, nikakimbilia ukumbi mdogo ulio nyuma ya maktaba. Ndani palikuwa na giza. Blanketi zilitundikwa madirishani na watu kama ishirini walikuwa wakitazama ukutani. Nilidhani ni maombi. Kumbe ni katuni, ila si zile za watoto za kukimbizana na kugongana nyundo. Zilikuwa filamu fupi za watu wanaofanya kazi peke yao, mezani kwao, katika nchi ambazo huenda nisizifikie maishani. Moja ilichorwa kwa majivu juu ya kioo. Nyingine ilikuwa ya nyuzi tupu, mwanamke akijifuma mwenyewe kuanzia miguuni, uzi ukamwishia shingoni. Hakuna aliyesema neno ndani ya filamu hizo, kwa hivyo hakuna aliyehitaji mkalimani.

Ya mwisho ilitoka nchi ya theluji. Mzee wa sufu anakwenda kuchota maji kwa ndoo, anarudi, anakwenda tena. Basi. Lakini alikuwa na namna yake ya kuburuta mguu, na alipofika penye mwinuko alisimama, akashika kiuno, akaendelea. Nilijikuta nalia mbele ya watu nisiowajua, na nikakasirika kwa kulia. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mtu fulani huko kwenye baridi alikuwa na mzee wake anayetembea, na mimi wangu sina.

Baba alikata miwa huku Matungu maisha yake yote. Alipofariki, miaka minne iliyopita, tulitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza tukapata ile ya kitambulisho tu, na kitambulisho hakina miguu. Hakuna aliyewahi kumwelekezea simu akitembea. Nani humpiga video mtu anayerudi kutoka shambani kila siku? Na baba alijulikana kwa mwendo wake. Alijikata kwa panga kabla sijazaliwa, mfupa ukaunga vibaya, akawa anachechemea, lakini alichechemea kwa kasi iliyowaacha nyuma wenye miguu mizima. Nilitaka kuurudisha mwendo ule. Nilitaka mama autazame aseme, "Huyo ndiye." Tuzo za ng'ambo sikuzifikiria, au tuseme nilizifikiria kidogo.

Nilihamia jiko la zamani la mama, ambalo siku hizi ni la kuni na kuku. Udongo niliuchimba kando ya kijito. Waya wa kufungia nondo niliukunja ukawa mifupa, nyasi kavu zikawa miwa, na kipande cha bati kikawa panga. Simu niliifunga kwa mpira juu ya tofali. Baba alitoka na urefu wa gunzi la mahindi.

Wanaosema haba na haba hujaza kibaba hawajawahi kutumia asubuhi nzima kumfanya mtu wa udongo ainue goti. Jua lilikuwa likiingia mlangoni, wingu likipita baba anageuka mweusi, likiondoka anawaka. Siku moja tetea alipanda mezani akakanyaga shamba lote la miwa, nami nikamrushia tofali lililoshika simu. Nilimkosa kuku, nikaipata simu. Kioo kilipasuka pembeni na nikatoka kutembea hadi sokoni Mayoni na kurudi, bila shughuli yoyote, ili nisivunje kitu kingine.

Baada ya wiki sita nilikuwa na dakika moja. Baba anakata mabua matatu, anatoka kwenye miwa, anakuja nyumbani akitazama mbele. Ndivyo nilivyomjua, kwa kuwa nikiwa mtoto nilikuwa nikikimbia hadi njia panda kumlaki. Nilimpigia simu mwandaaji wa ule ukumbi, mama mmoja mwalimu mstaafu, naye akasema ataiweka katikati ya filamu za nchi nyingine, Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kisha nikamwita mama.

Alitazama mara ya kwanza, akatazama mara ya pili. Akafuta kioo cha simu kwa kanga.

"Sio yeye," alisema.

"Mama, sura ni ya udongo. Tazama mwendo."

"Si ndio huo natazama? Baba yako hakuwanga anatembea hivyo."

"Alikuwa anatembeaje?"

"Sijui. Lakini sio hivyo." Akaenda kuanika mahindi, akaniacha nimesimama na simu yangu. Nilikasirika sana. Nilijiambia ni macho ya uzee, kisha nikaona haya kwa kufikiri hivyo, kisha nikarudia kukasirika.

Jawabu lilikuja Jumatatu, na lilikuja kuomba marando ya viazi vitamu ya kupanda. Alikuwa mzee aliyekata miwa na baba, mstari kwa mstari, miaka mingi. Mama alimpa chakula, nami sikumwacha hata anawe mikono vizuri. Nilimwekea simu mbele ya sahani. Alitazama, akacheka hadi akapaliwa.

"Msichana wangu, umemlemaza mguu wa kulia! Baba yako alikuwa anashika panga na mkono gani?"

"Wa kulia."

"Haya. Simama." Akanisimamisha jikoni, akanipa mwiko mkononi, akaniinamisha. "Muwa unakatwa chini kabisa. Panga inatoka huku kulia inaenda huku kushoto. Ikiteleza kwa umande, itapata mguu gani?"

Niliupitisha mwiko kama alivyosema, ukasimama ukigusa ugoko wangu wa kushoto.

"Mtu wa mkono wa kulia hawezi kujikata mguu wa kulia," alisema, akirudia ugali wake. "Hata mtoto mdogo wa pale Ekero anajua hiyo."

Mimi binti wa mkata miwa, nimekula na kusomeshwa kwa panga ile, na sikulijua hilo. Usiku ule ndipo nilipoelewa nilivyokosea. Maisha yangu yote nilimwona baba akinijia. Mguu wake mbovu ulikuwa upande wangu wa kulia, nami nikauweka hivyo hivyo kichwani, kulia, nikakua nao.

Zilibaki siku nne. Kupiga upya picha mia saba na ishirini kulihitaji mtu mwenye subira, na mtu huyo hakuwa mimi. Nikakumbuka kwamba simu ina kitufe cha kugeuza picha, kulia ikawa kushoto. Nilikibonyeza. Mguu ukakaa sawa kwa sekunde moja! Nilimkimbilia mama nikipiga kelele.

"Sasa mguu ni wenyewe," alisema. Kisha akakunja uso. "Lakini umemfanya mtu wa mkono wa kushoto."

Panga ilikuwa imehamia upande mwingine. Bila shaka ilikuwa imehamia. Nilitupa simu kwenye gunia la mahindi, nikaketi chini, nikalia kama mtoto aliyenyimwa utando wa maziwa. Nililia kwa hasira, halafu hasira ikaisha na kilio hakikuisha, na nikasema lile nililokuwa nikilificha chini ya kazi yote ile: kwamba nimeanza kumsahau.

Mama hakunibembeleza. Si desturi yake. Alichukua birika tupu mezani, akaenda uani.

"Wewe ulikuwa unamwona akirudi," alisema. "Mimi nilikuwa namwona akienda. Kila asubuhi yeye mbele, mimi nyuma na chai yake. Keti hapo utazame mgongo."

Akatembea. Mama yangu, mwenye magoti yanayomuuma, alivuka uwanja akiwa baba. Alitupa mguu wa kushoto nje, akauvuta, bega la kulia likashuka kabla ya hatua na si baada yake, kichwa kikabaki mbele kana kwamba mwili ulikuwa unamchelewesha. Alifika kwenye ua, akageuka, akawa mama tena.

"Nilikuwa namwambianga, punguza mwendo, chai inamwagika. Kila siku. Hakuwahi kugeuka. Alikuwa anainua mkono tu, hivi, anaendelea." Akacheka. "Na hakupunguza hata siku moja. Ndiye mlifanana naye, hamtulii."

Kati ya Jumanne na Ijumaa nilipiga picha mia moja na nane, yaani sekunde tisa. Ile dakika ya wiki sita niliifuta yote, kwa haraka kabla sijaionea huruma. Baba anaonekana mgongo, panga mkono wa kulia, anaelekea kwenye miwa, anaingia. Kila niliposhindwa na bega nilimwita mama, naye aliacha alilokuwa akifanya, akavuka uwanja, akarudi kwenye shughuli zake bila kuuliza. Mwisho kabisa kuna jambo moja niliongeza bila kumwambia.

Jumamosi nilimpeleka mjini, amevaa gauni la Pasaka. Aliketi mstari wa kwanza, mkoba magotini. Zilipita filamu tatu, moja ya ndege wa karatasi, moja ya mji unaoyeyuka, nyingine sikuiona kwa kuwa nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeketi nyuma, nimesimama tena. Mwandaaji akasema inayofuata imetoka Matungu. Watu waligeuka kutazama kana kwamba Matungu ni ng'ambo.

Ukuta ukawaka. Baba yangu wa urefu wa gunzi akawa mrefu kunishinda. Mguu wa kushoto, bega, kichwa mbele. Kabla hajafika kwenye miwa, mama akasema kwa sauti ya asubuhi, sauti ya mtu aliyeshika birika:

"Punguza mwendo!"

Watu walicheka. Ukutani, baba hakugeuka. Aliinua mkono, akaingia kwenye miwa.

Kicheko kilikatika. Mwandaaji alishika kompyuta yake kuendelea na ratiba, lakini mama alikuwa ameinua kidole.

"Irudie."

"Mama, kuna za nchi zingine zinangoja," mwandaaji alisema.

"Wangoje," mama alisema. "Wamesafiri kutoka mbali hivyo, watashindwa na dakika moja?"

Ikarudiwa. Mimi nilikuwa nimefika mstari wa kwanza, nimeketi kando yake, na magoti yangu yalikuwa yametulia. Nilingoja aseme tena. Baba alitupa mguu, akauvuta, akasogea, akasogea, akainua mkono wake.

Mara hii mama hakumwambia apunguze mwendo. Alimwacha aende.