Goti la Karimi na Mgongo wa Baba

Kwa desturi ya Wameru, Karimi alirithi jina la nyanya yake, kwa hivyo Gitobu, babake, humwita Mama. Sasa niambie, wewe ungemwona mama yako akichechemea asubuhi, goti limevimba na kukakamaa kama bawaba yenye kutu, ungefanya nini? Gitobu aliinama akasema, "Panda." Kanyakine nzima ikazoea kumwona akimpeleka shule na kanisani mgongoni, mtoto wa miaka minane. Usiku alimwekea mto chini ya goti.

Daktari alikuwa ameshautaja ugonjwa, baridi yabisi ya watoto, akaandika dawa, kisha akawatuma Nkubu kwa Linda, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Karimi aliingia akitafuta sindano kwa macho. Akaona taulo, beseni na mpira tu.

Linda alimlaza, akauliza usiku hulalaje, akaambiwa habari za mto, akapima goti. Halikunyooka; mkono wa Linda ulipita chini yake.

"Baba Karimi, dawa inatuliza uvimbe. Kunyoosha ni kazi yetu. Goti likizoea kupinda, litabaki hivyo. Huo mto utoe. Asubuhi mfunge taulo lenye joto robo saa, kisha aegemeze kisigino juu ya taulo lililokunjwa, akandamize goti chini, ahesabu hadi tano. Na atembee."

"Anaumia."

"Akichoka apumzike. Lakini atembee."

Gitobu aliutoa mto. Maji aliyapasha. Lakini kutembea, hapo alishindwa. Kila asubuhi alimbeba hadi karibu na lango la shule, akamshusha huku akitazama kando kama mwizi wa ndizi.

Wiki tatu baadaye, mvua ikiwa imekolea, walirudi Nkubu. Linda alitazama gambuti za mpira miguuni mwa Gitobu, nyekundu kwa matope. Akageuza viatu vya Karimi. Soli safi.

"Karimi, ulikuja ukiruka?"

"Baba ndiye alitembea."

Linda akacheka. "Mazoezi yamemkubali baba. Tazama mapaja yake." Kisha akazungusha utepe wa kupimia kwenye mapaja ya Karimi, moja baada ya jingine. La upande wa goti bovu lilikuwa limekonda. Gitobu aliusoma utepe mara mbili.

"Mimi nilidhani namsaidia."

"Unamsaidia. Sasa msaidie ukiwa nyuma yake."

Kesho yake mwendo wa dakika kumi na tano hadi shuleni ukachukua karibu saa nzima. Jirani yao Njuki akasimama kwenye shamba lake la kahawa.

"Gitobu, umechoka kumbeba mama yako?"

"Nimefutwa kazi."

Njia ilipoanza kupanda mlima Karimi alisimama, akashika goti. Neno lilimtoka Gitobu lenyewe: "Panda."

"Ngoja kwanza," akasema Karimi. Akakaa juu ya jiwe, akanyoosha mguu, akahesabu hadi tano. Gitobu akaficha mikono mifukoni. Kisha mtoto akainuka, wakaendelea.

Waliendelea hivyo, siku mbaya na siku nzuri, hadi Januari. Linda alimlaza Karimi tena, akamwita Gitobu.

"Pitisha kidole chini ya goti."

Gitobu akajaribu cha shahada. Hakikupita. Akajaribu kidole kidogo, akakizungusha huku na huku, kwa sababu mtu huhakikisha.

"Baba, unanitekenya," Karimi akasema, akauvuta mguu wake, akashuka kitandani kutafuta viatu.