Wakwe Wananishukuru kwa Salamu Ambazo Mume Wangu Hajazituma

Admin, jina langu lifiche kabisa, ukweni wanasoma ukurasa huu. Nina miaka 29, mtoto wa muuza vitenge wa Mabatini, nimeolewa kwenye familia ya wakubwa hapa Mwanza. Nyumba iko juu ya mawe, ziwa lote tunalitazama kwa chini. Baba mkwe ni afisa mstaafu wa jeshi, mzee wa Kihaya, kwa sifa za watoto wake humuwezi. Mume wangu naye ni mwanajeshi, alipelekwa nchi jirani kulinda amani.

Kule mtandao ni wa shida, kwa hiyo alikuwa ananipigia mimi tu, nami nawapelekea wazee salamu zake kwenye chai ya saa kumi. Vita vilipolipuka, simu yake ikawa haipatikani. Siku ile mama mkwe, ambaye ana presha, aliniuliza, "Mwanangu amesemaje?" Nikajikuta najibu, "Hajambo mama, anawasalimia." Ilikuwa huruma tu, jamani. Sasa ni wiki ya sita natunga salamu. Nimefika hadi kumtania baba mkwe kitambi chake kwa niaba ya mwanawe, na mzee anacheka mpaka anakohoa. Kazini kwake nikiuliza naambiwa nisubiri. Nalia bafuni bomba likiwa wazi, natoka nimepaka poda. Nyumba imejaa watu lakini sijawahi kuwa mpweke hivi maishani mwangu.

Kibaya zaidi ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye alitaka ualimu, jeshi analiogopa. Juzi baba mkwe akamwambia mezani, "Kaka yako yuko katikati ya vita na bado anatania, wewe unaogopa nini?" Kijana wa watu akakubali kujiunga na jeshi. Jumatatu anakwenda mafunzoni. Leo asubuhi kanifuata jikoni anatabasamu: "Shem, kaka akipiga mwambie nimeacha woga." Nikamjibu nitamwambia.

Nikisema ukweli, mama anaweza kuanguka, na mimi nitaonekana mchawi niliyewachezea akili. Nikinyamaza, kijana anaondoka kwa uongo wangu. Na mume wangu sijui hata kama anapumua. Nishaurini ndugu zangu, nianzie wapi? Saa kumi inakaribia, na mama mkwe ameshaniwekea kiti karibu yake.